AFYA YA ASKARI: MWANGA NA MAUMIVU YA MISULI

Kisenyi imo bondeni, chini ya vilima vya Mengo na Old Kampala. Mtu akimbiaye kutoka Mengo kushuka Kisenyi hudhani kwamba sehemu nyepesi ya safari ndiyo hiyo. Kesho yake akiamka, mapaja humkatalia. Na kesho kutwa hali huzidi. Wachukuzi wanaoshusha magunia ya nafaka hapo Kisenyi wayajua hayo bila ya kusoma kitabu: mgeni wa kazi huugulia zaidi siku ya pili kuliko siku ya kwanza.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba maumivu hayo huletwa na asidi iliyobaki katika misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka kwa muda wa saa moja hivi, ilhali maumivu hufikia kilele baina ya saa 24 na 72. Mwaka 1902, Mmarekani Theodore Hough alieleza kwamba chanzo ni nyuzi za msuli zilizochanika. Michaniko hiyo midogo hutokea hasa msuli unapovutwa huku ukizuia uzito, kama vile kuteremka mlima na shanta mgongoni.

Siku hizi zauzwa taa za mwanga mwekundu zinazosemekana kuondoa maumivu hayo. Tiba ya mwanga si uzushi. Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1967, mjini Budapest, daktari Endre Mester aliwamulika panya kwa leza hafifu, akaona manyoya yao yaliyonyolewa yakiota upesi. Hapo ndipo utafiti wa leo ulipoanzia.

Mwanga utumikao ni mwekundu, wa nanomita 600 hadi 700, pamoja na miale jirani isiyoonekana kwa macho. Hauunguzi wala hautibu kwa joto. Wataalamu wengi waamini kwamba hupenya ngozi na kupokewa na mitokondria, yaani vinu vidogo vizalishavyo nguvu ndani ya seli. Nchini Brazil, Ernesto Leal-Junior na wenzake waliwapima wachezaji wa voliboli, wakaona kwamba msuli uliomulikwa kabla ya zoezi ulivumilia zaidi. Hata hivyo, majaribio mengine hayakuona faida yoyote. Kipimo kikiwa kidogo hakifai kitu, na kikizidi faida hupotea. Tena, taa ya joto ya kawaida siyo taa hiyo, na leza yaweza kuharibu jicho.

Basi, je, askari asiye na taa amekosa dawa? Hapana. Msuli uliokwisha kuonjeshwa mteremko mara moja huumia kidogo sana safari ya pili, hata zikipita wiki kadhaa. Kwa hiyo kuruta na aanze kwa mteremko mfupi bila ya mzigo. Umbali na uzito viongezwe hatua kwa hatua. Baada ya zoezi kali apumzike, ale vizuri, alale, na atembee polepole.

Lipo jambo moja ambalo halitibiwi kwa taa wala kwa ushujaa. Askari aliyesukumwa kupita kiasi, hasa juani na bila ya maji, misuli yake yaweza kuvunjika kwa wingi na kumwaga protini katika damu hadi figo zikashindwa kazi. Dalili zake ni maumivu makali yasiyo ya kawaida, uvimbe, udhaifu, na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Asimeze vidonge vya maumivu akaendelea na safari, kwani baadhi ya vidonge hivyo huzidi kuzidhuru figo. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Kuruta huona haya kusema kwamba mkojo wake umebadilika. Huogopa kuitwa mvivu. Kwa sababu hiyo twawasihi maafande wanaosimamia mazoezi: waulizeni vijana jioni baada ya mwendo, tena waulizeni asubuhi ya pili. Akisema ndiyo, asirudishwe mstarini mpaka daktari amempima.