Kompyuta ya Simuleta ya Ndege: Usilipie Taa, Lipia Namba

Uko futi 500 juu ya uwanja wa Wilson. Njia ya kutua iko mbele yako, magurudumu yako tayari, kila kitu kiko sawa. Halafu picha inakwama. Sekunde moja, mbili. Ikirudi, ndege imeshatoka kwenye mstari. Shida si mikono yako, ni kompyuta uliyouziwa wiki jana, na pesa ulishatuma.

Programu za kuiga urubani kama Microsoft Flight Simulator 2024 na X-Plane 12 zina wapenzi wengi, wakiwemo wanafunzi wa urubani. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kupaa, hivyo kufanya mazoezi ya hatua hizo nyumbani kunasaidia. Ila kumbuka, saa za kompyuta ya nyumbani haziingii kwenye daftari lako la urubani. Zinazohesabiwa ni za vifaa vilivyoidhinishwa na KCAA.

Kama umeamua kununua kompyuta iliyoundwa tayari, soma haya kabla hujaweka PIN.

"i7" ni jina la ukoo tu

Tangazo linasema: "Core i7, gaming, taa za rangi." Uliza, i7 gani? Kuna i7-4770 ya mwaka 2013 na kuna i7-14700K, iliyotoka miaka kumi baadaye. Zote ni i7, lakini moja ni babu na nyingine ni mjukuu. Kinachokuambia ukweli ni namba zinazofuata. Simuleta hutegemea sana kasi ya kiini kimoja cha prosesa, kwa hivyo prosesa ya zamani itakukwamisha hata kama ina viini vingi.

Wenye Microsoft Flight Simulator 2024 wanapendekeza i7-10700K au Ryzen 7 2700X, RAM ya GB 32, na kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya GB 8. Kiwango cha chini kabisa ni RAM ya GB 16 na kadi ya GB 4. Ukinunua ya kiwango cha chini, jiandae kupunguza ubora wa picha.

Kadi ya michoro ndiyo injini

Kadi hii, ile wauzaji huita GPU, ndiyo huchora mawingu, milima na majengo. Hapa ndipo pesa yako nyingi inafaa kwenda. Kwa skrini ya kawaida ya 1080p, kadi kama RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060 ya GB 8 itakubeba vizuri. Muuzaji akikwambia tu "ina graphics ya GB 8" bila kutaja jina la kadi, bado hajakujibu.

Jihadhari na kisanduku cha ofisini

Kompyuta za ex-UK zilizotoka maofisini ni imara na bei yake ni nzuri kwa kazi za kawaida. Lakini vile visanduku vyembamba vina nafasi ndogo na pawasaplai ndogo, kadi kubwa haiingii. Usikubali kuambiwa "nunua hii sasa, kadi utaongeza baadaye" kabla fundi hajafungua kifuniko ukaona mwenyewe. Kwa RTX 4060, Nvidia wanapendekeza pawasaplai ya wati 550. Na kwa sababu stima hupotea bila kupiga hodi, tenga pesa ya UPS.

RAM, diski na bando

Chagua vipande viwili vya RAM vya GB 16 badala ya kimoja cha GB 32, maana viwili hufanya kazi kwa kasi zaidi. Diski iwe SSD, ikiwezekana ya TB 1.

Intaneti nayo ni gharama. Flight Simulator 2024 huvuta ramani kutoka mtandaoni unapoendelea kuruka. Kiwango cha chini ni Mbps 10, kinachopendekezwa ni 50. Kama unategemea bando la simu, litaisha haraka. X-Plane huweka mandhari yake ndani ya diski, kwa hivyo haikudai bando kila unaporuka. Ila itakula nafasi ya diski.

Na usimalizie bajeti yote kwenye mashine ukasahau joystiki. Kurusha ndege kwa kibodi ni taabu.

Sasa tuje kwa malipo

1. Omba namba zote kwa maandishi kabla ya kulipa: prosesa, kadi, RAM, diski, pawasaplai. Ujumbe wa WhatsApp unatosha. Uhifadhi.

2. Ijaribu dukani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, ulinganishe majina na ulichoandikiwa. Kisha omba simuleta au gemu nzito iendeshwe dakika 20. Kadi bandia zinaweza kuonyesha jina zuri, lakini kazi nzito huzifichua.

3. Lipa kwa Till au Paybill ya duka. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Lisipolingana na la duka, simama. Ukiambiwa "tuma kwa namba yangu nikupunguzie", hiyo punguzo inaweza kukugharimu kompyuta nzima.

4. Angalia kikomo chako cha muamala na cha siku kabla hujafika kaunta, usije ukaombwa pesa taslimu dakika ya mwisho.

5. Dai risiti yenye namba za vifaa na muda wa waranti. Ujumbe wa malipo unathibitisha kuwa ulilipa. Hauonyeshi ulilipia nini.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu kuomba kurudishiwa pesa husaidia zaidi ukikosea namba ya kutuma. Ukishalipa duka kwa hiari yako na mashine ikawa siyo, unabaki kuelewana na muuzaji, na yeye tayari ana pesa. Kabla ya PIN, wewe ndiye mwenye sauti. Itumie kuuliza maswali yote, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

Safari njema angani. Na PIN yako ibaki siri yako.