Kusikia kwa Kipandikizi Penye Sauti Nyingi

Mtu ashukaye daladala Themi, mjini Arusha, huwasikia makondakta, wachuuzi na wapita njia wakisema kwa pamoja, naye hufuata maneno ya mwenziwe bila taabu kubwa. Uwezo huo Colin Cherry aliuchunguza mwaka 1953: aliwasikizisha watu habari mbili kwa wakati mmoja, kila sikio na yake, nao waliweza kuikariri moja huku ya pili wakiijua kidogo mno.

Sikio zima hutenga sauti kwa upande zitokako, kwa vituo vifupi vya msemaji mwingine, na zaidi kwa kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Ndani yake mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Kwa aliyetiwa kipandikizi, kazi yote hiyo hutendwa na elektrodi chache, 12 hadi 22 kwa kawaida, ziusisimuazo mshipa wa fahamu kwa umeme. Mapigo ya maneno hupita vyema. Kidatu hufika kimefifia. Kwa hiyo penye utulivu ataongea nawe vizuri, bali akianza msemaji wa pili, sauti mbili humchanganyikia, wala vile vituo havimfai sana.

Hapa mwanaisimu ana neno. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, tena hurudia habari zake: katika “kitabu kile kikubwa kimepotea”, aliyekosa ki- ya kwanza anazo nyingine tatu. Kiarusha, ambacho ni tawi la Kimaasai, hutangulizia kitendo, kisha majina. Na mtenda hujulikana mbali na mtendwa kwa toni ya jina. Toni ikififia, mgomvi na mgomviwa huwa sawa.

Upandikizaji ulianza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa ng'ambo, hasa India. Wako watakaomshauri mzazi amwachishe mtoto Kiarusha. Mimi sikubali, kwani maneno ya mama, akiwa karibu na akisema peke yake, ndiyo mtoto ayasikiayo vizuri kuliko yote. Ila mpimaji naye aangalie: mtoto aweza kufaulu sentensi za Kiswahili katika chumba kimya, kumbe jioni nyumbani, ndugu wakisimulia kwa pamoja, hajui ni nani aliyempiga nani.