Kuvu za Udongoni kati ya Ahero na Maseno

Kutoka Kisumu, ambako Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hadi Maseno, karibu mita 1,500, ni mwendo wa kilomita zisizofika 30, lakini jamii za kuvu zinazoishi udongoni hubadilika njiani kufuata maji, asidi na rutuba, hata pale ambapo zao la shambani ni mahindi yale yale.

Udongo wa uwanda wa Kano, ambako ndiko iliko Ahero, ni wa mfinyanzi, mweusi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mashamba ya mpunga ya Ahero, yaliyoanzishwa mwaka 1969, hufunikwa maji kwa majuma mengi, na kwa kuwa kuvu nyingi huhitaji oksijeni, hata mikoriza hupungua humo. Mikoriza ni kuvu zinazoingia ndani ya mizizi, zikaupa mmea fosforasi na kulipwa sukari. Maseno udongo ni mwekundu wenye asidi, na madini ya chuma na alumini huing'ang'ania fosforasi, hivyo nyuzi za mikoriza, nyembamba kuliko unywele, huifuata mahali mizizi isipofika. Mahindi, mtama na maharagwe huzipokea kuvu hizi. Sukuma wiki, jamaa ya kabichi, haizipokei kabisa, na bustani inayolimwa mboga hiyo peke yake miaka nenda miaka rudi huzidhoofisha bila mwenyewe kukusudia.

Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science, kwa sampuli za maeneo 365, ulionyesha kwamba tabianchi ndiyo inayotawala zaidi mtawanyiko wa kuvu. Kwa mkulima wa Kano, hata hivyo, ramani pana namna hiyo ina faida ndogo, kwani shamba moja laweza kuwa na kichuguu ambamo mchwa hulima kuvu yao wenyewe, na hatua chache kando yake kinamasi.

Faida iliyo wazi zaidi kwa mkulima imetokana na kuvu moja, fusari, ambayo aina yake nyingine hunyausha migomba. Magharibi mwa Kenya aina yake inayoshambulia striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na ambalo Waluo huliita kayongo, husambazwa ikiwa imekaushwa juu ya vijiti vya kuchokolea meno, kisha huoteshwa vijijini kwenye mchele uliopikwa, na mkulima hutia kiasi kidogo katika kila shimo pamoja na mbegu.