Usiprinti stika kabla hujajua maneno haya

Wauzaji wenzangu, mimi nauza korosho za kukaanga hapa Masasi. Nilishachoma hela: stika 200 zimetoka nembo ina ukungu, rangi ya kijani imepoa. Kosa langu, nilipeleka picha ya kwenye simu tu. Shika haya:

JPG: picha ya kawaida. Ukiikuza sana inaharibika.

PNG: nembo inaweza kukaa juu ya rangi yoyote bila kiboksi cheupe nyuma.

Vekta (faili la SVG au AI): unaikuza mpaka bango, haipotezi ubora.

RGB: rangi za skrini. CMYK: rangi za wino wa kuprintia. Ndiyo maana kijani cha simu kikiprintiwa kinapoa.

Ukimlipa dizaina, dai vekta siku hiyo hiyo. Na WhatsApp itume kama dokumenti, sio picha.