Corona ilipofunga shule, vitabu navyo vililala

Shule zilipofungwa nchini Kenya Machi 2020, wazazi wengi walidhani ni likizo fupi. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 12, na wenzao wakakaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Kulikuwa pia na kafyu: kuanzia Machi 27, saa moja jioni ilipofika ulitakiwa uwe ndani. Ungetarajia familia zilizofungiwa hivyo zisome hadi vitabu viishe madukani.

Uingereza ilikuwa karibu hivyo. Kampuni ya Nielsen, inayofuatilia mauzo ya vitabu, ilisema Mei 2020 kwamba muda wa watu wazima kusoma ulikuwa umepanda kutoka saa 3.5 kwa wiki hadi 6. Mwaka ulipokwisha, vitabu vya karatasi vilivyouzwa vilikadiriwa kupita milioni 200, jambo lililoonekana mara ya mwisho 2012. Maduka yalifungwa kwa miezi, lakini watu waliagiza mtandaoni wakaletewa mlangoni.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume, na sababu si uvivu wa watoto, lawama tunayoipenda sana. Biashara ya vitabu Kenya imeegemea shule. Mchapishaji huishi kwa vitabu vya kiada, na tangu 2018 vile vya shule za umma hununuliwa na serikali moja kwa moja kutoka kwake. Duka la mtaani limebaki kumngoja mzazi mwenye orodha ya mwalimu. Shule ikifungwa, orodha haipo. Maktaba za umma zilifungwa pia, na wauzaji wa "inama", wanaopanga vitabu kuukuu kando ya barabara za Nairobi, hutegemea wapita njia. Isitoshe, aliyepoteza kibarua hununua unga kwanza, na tangu 2013 kitabu kilikuwa kikitozwa VAT.

Kwa hivyo nyumba nyingi hazikuwa na kitabu ila cha darasani. Saa zile za kafyu zilimezwa na simu na runinga, na hapo ndipo suala hili linapokuwa la afya. Mwanga wa skrini karibu na wakati wa kulala hukawiza usingizi, na mtoto asiyelala vyema huamka na hasira.

Tusikifanye kitabu dawa ya kila kitu, lakini. Uchunguzi wa macho ya watoto wa shule nchini Uchina mwaka 2020 ulionyesha ongezeko la wasioona vizuri vitu vya mbali, hasa wa miaka 6 hadi 8. Kukaa ndani ukikodolea kitu cha karibu kutwa nzima huchosha macho, kiwe skrini au karatasi. Mchana mtoto acheze nje.

Usiku ndio wa hadithi. Asiye na hela ya kitabu anaweza kutafuta African Storybook, mradi wenye hadithi za watoto za bure kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kiafrika. Unaweza kuzipakua na kuzipiga chapa. Kurasa chache ukizitoa kwenye saiba ya mtaani mchana, usiku simu inaweza kubaki sebuleni.