Mashine ya kufulia haijai maji? Anzia kwenye mfereji

MBAAZI ukikosa maua husingizia jua. Katika miji ya Lodwar na Kakuma, kaunti ya Turkana, jua la kusingiziwa lipo kila siku, lakini mashine ya kufulia nguo inapokataa kujaa maji, anayebebeshwa lawama aghalabu ni mashine yenyewe. Mwenye mashine huizima na kuiwasha mara tano, akaipiga kofi ubavuni, kisha akaanza kutafuta mnunuzi wa kuichukua kwa bei ya kutupa. Kumbe mashine ni nzima. Kilichopungua ni maji yanayoifikia.

Hasara yake si ndogo. Mashine hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi, na kwa mwenye saluni, nyumba ya wageni au kibanda cha dobi, hiyo ndiyo karo ya watoto. Kuisafirisha hadi Kitale kwa fundi ni mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka Lodwar, na aliye Kakuma ana kilomita nyingine 120 za kuongeza. Hivyo basi, kabla ya kumlipa mtu wa lori, ni heri kuyafuata maji kutoka yanakoanzia hadi yanakokwama.

Maji yatoka wapi?

Lodwar hutegemea visima vilivyochimbwa karibu na mto Turkwel. Kakuma, pamoja na kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka wa 1992, huteka yake kutoka visima vilivyo kandokando ya laga ya Tarach, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Pampu huyapandisha maji hadi kwenye matangi yaliyoinuliwa, ndipo yakateremka kwa mabomba hadi mifereji.

Kutokana na safari hiyo, mambo matatu huifikia mashine. Kwanza, maji huja kwa saa maalumu. Pili, yanaporudi baada ya kukatika, huja na mchanga na kutu iliyolala bombani. Tatu, kadiri bomba linavyokwenda mbali na tangi, ndivyo maji yanavyoishiwa na nguvu.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini mashine ya kufulia haiijui methali hiyo. Nyuma yake, pale mpira wa maji unapofungwa, pana vali. Ndani ya vali mna koili ya waya na kiwambo chembamba cha mpira. Umeme ukiingia, koili huvuta kijiti cha chuma na kufungua tundu dogo. Baada ya hapo, nguvu ya maji yenyewe ndiyo inayokiinua kiwambo ili maji yapite. Maji yakiwa manyonge, koili itavuma lakini kiwambo hakitainuka sawasawa.

Mashine nyingi zinazojiendesha zenyewe hutaka presha isiyopungua kati ya nusu baa na baa 1. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa baa 1 hivi. Kwa hiyo maji ya tangi yaliyo mita 4 juu ya mashine hayafikishi hata nusu baa. Tangi hilo litakuogesha na kukupikia bila taabu, na bado mashine ikalikataa.

Hatua kwa hatua

Kwanza, pima maji. Weka ndoo ya lita 10 chini ya mfereji unaolisha mashine, ufungue hadi mwisho, utazame saa. Ikijaa kwa dakika moja hivi, maji yanatosha mashine nyingi. Ikichukua dakika tatu au nne, umekwisha kuupata ugonjwa, na haumo ndani ya mashine.

Pili, tega sikio. Washa mashine na uhakikishe mlango umefungika, kwa maana mashine ya mlango wa mbele hairuhusu tone kuingia kabla ya kufuli yake kushika. Ukisikia vali ikivuma bila maji kuingia, umeme unaifikia. Tafuta kizuizi katika njia ya maji. Pakiwa kimya kabisa, shaka iko kwenye mlango, stima au koili.

Tatu, tazama mpira. Mashine inaposukumwa ukutani, mpira hujikunja na kuziba. Ikiwa mashine ina milango miwili ya maji, ya moto na ya baridi, nawe umeunganisha wa baridi pekee, ukichagua kufua kwa maji ya moto itasubiri yasiyokuja. Chagua maji ya baridi. Katika joto la Lodwar, lipandalo mara kwa mara kupita nyuzi 35, hata maji ya tangini hutoka yakiwa vuguvugu.

Nne, safisha kichujio. Hapa ndipo mchanga wa laga unapojificha. Chomoa plagi, funga mfereji, weka beseni chini, kisha ufungue mpira kutoka nyuma ya mashine. Ndani ya mdomo wa vali utaona wavu mdogo. Uvute polepole kwa koleo, uusugue kwa mswaki mkuukuu, na ukiwa na ukoko mweupe wa chumvi uuloweke kwenye siki au maji ya limau. Kisha urudishe. Wapo wanaoutupa wakidhani wamemaliza tatizo. Mchanga utaingia ndani ya vali, na safari hiyo itabidi kununua nyingine. Na kila maji yanaporudi mferejini, kinga ndoo ya kwanza kando kabla ya kufungulia mashine.

Tano, kagua mpira wa kutolea maji machafu. Mwisho wake ukilazwa sakafuni, maji hutoka kadiri yanavyoingia, nawe utaapa kwamba mashine haijai. Uinue kiasi cha sentimita 60 hadi 100 kutoka chini.

Ikiwa haya yote yako sawa na mashine bado imekauka, mwite fundi. Koili iliyoungua na kifaa cha kupimia kina cha maji si vya kuchezewa na asiyejua, na watoto wakae mbali: umeme na sakafu yenye maji havipatani.

Na presha ikikosekana?

Mwenye tangi lake anaweza kuliinua zaidi, au kufunga pampu ndogo kati ya tangi na mashine. Pampu hiyo isifungwe moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kwani itanyonya maji ya majirani.

Kwa wengi wa Lodwar na Kakuma, hata hivyo, dawa bora hupatikana dukani kabla ya kununua. Mashine ya matangi mawili, upande mmja wa kufua na mwingine wa kukamulia, hujazwa kwa ndoo. Haidai presha wala haijali saa ya mfereji. Watu wa mjini wameanza kuidharau kama ya kizamani, lakini maji yakiwa ya mtungi, hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Lipo na jambo la haki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, huhesabu lita 20 kuwa kiwango cha chini anachohitaji mtu mmoja kwa siku: mtungi mmoja wa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Mashine ya mlango wa juu inayotumia lita 120 kwa duru moja imemeza mgao wa watu sita. Waturkana huyaita maji ngakipi, na wako akina mama ambao hadi leo huyachimba kwa mikono ndani ya mchanga wa laga. Hivyo, fua mashine ikiwa imejaa nguo, suuzia nguo nyeupe kwanza na maji hayohayo yatumike kwa za rangi, na yale ya sabuni yaoshe sakafu na choo. Kukausha kusikupe wasiwasi. Jua lililosingiziwa litaifanya kazi hiyo bure.

Kwa hiyo, msomaji, siku mashine yako itakapogoma, usianze na bisibisi. Anza na ndoo na saa. Ndoo ndiyo itakayokuambia kama wa kuitwa ni fundi wa mashine au fundi wa bomba.