Kabla hujauza kombo ya chai za Kichina, geuza pakiti

Wapambanaji wenzangu, hii inawahusu mnaouza chai za Kichina mtandaoni kama mimi.

Mwaka jana nilitengeneza kombo: chai ya kupunguza tumbo na chai ya kifua, pakiti mbili bei ya kutupa. Picha kali, oda zikamiminika. Nikajiona mjanja.

Mama mmoja akanifuata inboksi. "Mwanangu, natumia vidonge vya presha na vile vya kukojoza maji. Hizi zinanifaa?" Nilishaandika "zinakufaa kabisa mama", bado kutuma tu. Sijui nini kilinizuia. Nikageuza pakiti, Kichina kitupu. Nikapiga picha nikatafsiri kwa simu.

Ya tumbo ina fanxieye. Kumbe ni sanamaki, ileile bibi zetu wanatumia kuharisha! Ya kifua ina gancao, mzizi mtamu unaowekwa kwenye dawa nyingi za Kichina. Sasa sikia: ukiharisha sana unapoteza maji na potasiamu. Gancao ikizidi nayo inapunguza potasiamu, halafu inabakiza chumvi mwilini na kupandisha presha. Vidonge vingi vya kukojoza vinaitoa potasiamu hiyohiyo. Ikishuka sana, misuli inalegea na mapigo ya moyo yanavurugika. Na mimi nilikuwa naviuza pamoja, tena kwa punguzo.

Wachina wenyewe hawachanganyi hovyo. Wana orodha ya zamani ya dawa 18 zinazopingana, na gancao imo, haiwekwi pamoja na gansui.

Majina nayo yanachanganya. Miaka ya 1990 mwanzoni, kliniki moja ya kupunguza unene Ubelgiji ilitumia guangfangji badala ya hanfangji. Wanawake wengi figo zikafa.

Kombo niliifuta siku ileile. Sasa nauza moja moja, na kabla ya kupokea hela nauliza: unatumia dawa gani, una mimba, unanyonyesha? Mwenye warfarini simuuzii yenye danshen wala danggui, damu inaweza kutoka isikate. Pakiti isiyo na orodha ya vilivyomo siichukui, hata jumla iwe bei rahisi vipi.

Yule mama nilimwambia aoneshe picha za pakiti kwa daktari wake kwanza. Hakununua chai. Baadaye akaagiza chupa ya chai ya lita mbili.

Natafuta anayechapa stika ndogo za Kiswahili za kubandika kwenye pakiti, bei isiumize. Anayemjua anishtue.